Jibu la Kitendawili Huwa Rahisi Likishatajwa

Mwanangu, nakumbuka siku niliyosimama mahakamani nikaapa kwamba jambo nisilopata kulifikiri maishani mwangu lilikuwa rahisi. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza, ila ujinga ulikuwa haujanihama.

Bi Saumu wa Tongoni alikuwa mfuaji wa nazi. Mgongo ulipomkatalia kuinama kwenye kifuo, ile ncha inayosimikwa ardhini ya kuchania makumbi, akabuni chake: ncha mbili zilizobanana kama mdomo wa ndege, ukikanyaga pedeli zinaachana, kumbi linapasuka. Akapewa hataza, yaani haki kwamba mwingine asikitengeneze bila idhini yake.

Shemeji yangu, fundi wa kuchomelea hapa Makorora, alitamani kukitengeneza akiuze. Akaenda kuomba hataza ile ifutwe, eti ubunifu wenyewe ulikuwa dhahiri kwa fundi yeyote. Shahidi wake nikawa mimi, mtu nisiyetoka nyumbani ila kwa msiba au pilau.

"Kifuo kilikuwapo," nikasema kwa sauti ya kisomi. "Pedeli ilikuwapo kwenye cherehani. Kuviunganisha kuna ugumu gani? Hata mimi ningeweza."

Jaji akaniuliza: kabla Bi Saumu hajapeleka maombi yake, nani alipata kuviunganisha, au kuandika kwamba vyaunganika? Kitu gani kingemfanya fundi wa siku zile aufikirie mguu? Hatukuwa na mchoro, wala chombo cha zamani, wala fundi mmoja wa kututhibitishia.

Bi Saumu akaomba ruhusa aniulize.

"Mwanangu, nazi umefua tangu lini?"

"Tangu utotoni, Bi Mkubwa."

"Mgongo haukukuuma?"

"Uliniuma."

"Basi kitendawili ulikuwa nacho miaka yote hiyo. Mbona hukukitegua? Leo nimekupa jibu, unasema ulilijua. Toa mji kwanza!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka; mgongo wake ulikwisha kuharibika, na chombo kile ndicho kilichokuwa kimebaki kumlisha. Hataza haikufutwa. Nje nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kunitazama, na marahaba ile ingali inanichoma.

Basi mwanangu, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ukitaka kusema kazi ya mtu ilikuwa dhahiri, usije na macho yaliyokwisha kuliona jibu. Leta kilichotangulia, kilichojulikana kabla yake. Leta mjuzi wa kazi hiyo, aonyeshe sababu ambayo ingemfikisha pale bila kushikwa mkono. Kwamba vipande vilikuwapo haitoshi; kwenye miti hakuna wajenzi. Huna ushahidi? Funga mdomo, kama nilivyopaswa kuufunga wangu.

Mola akujaalie akili ya kubuni, na akikunyima hiyo, akupe ulimi wa kumsifu aliyebuni.

Haya nilipomaliza kukuandikia, nilimsomea jirani yangu Mama Rehema, nikitarajia walau "ahsante". Akasema: "Wewe kila mzigo huuona mwepesi ukishabebwa na mwenzio."