Kipande cha Tisa

Kabla sijanunua bastola nilikuwa mwoga. Nilipoinunua nikawa mwoga mwenye bastola. Maneno hayo si yangu, ni ya mke wangu, aliyasema siku ileile niliyoileta nyumbani, na wala hakuinua macho kutoka kwenye cherehani yake.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru. Muda si mrefu nyuma, ukikutwa unavusha magunia ya mahindi bila kibali una kesi. Sasa kila mwenye baiskeli Sumbawanga alijiita mfanyabiashara, na mimi, karani niliyepunguzwa kazini, sikutaka kubaki nyuma. Nikawa nakodi lori, nateremka bondeni Muze na Mtowisa, nanunua mpunga na kuupandisha mjini. Njia ile ya mteremko ilikuwa na sifa mbaya. Kila dereva alikuwa na hadithi yake ya magogo yaliyolazwa barabarani na watu waliotoka kwenye nyasi, na mimi kwa bahati mbaya nilizisikiliza zote. Nikaomba leseni. Mwenyekiti wa mtaa akaniandikia barua, nikachukuliwa alama za vidole, nikazungushwa miezi kadhaa, mwishowe nikapata, na bastola yenyewe nikainunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama mji.

"Sawa, itakaa," mke wangu alisema. "Lakini mimi siogopi majambazi, baba watoto. Nakuogopa wewe na pupa yako. Siku chuma hicho kikimuua mtu asiye na kosa, sitakaa nyumba moja na wewe. Nimemaliza."

Nilicheka. Yeye hakucheka, aliendelea kushona sare za kwaya.

Polisi nao walikuwa na lao. Kila mwaka leseni inahuishwa, na siku hiyo silaha inakaguliwa. Ikikutwa chafu inabaki palepale mezani. Sasa mimi hata mnyororo wa baiskeli sikuwahi kuupaka mafuta maishani mwangu. Ikabidi nimwendee jirani yetu, sajenti mstaafu aliyekuwa akifuga nguruwe. Mtaa mzima tulimwita afande, na yeye wanaume wote wa mtaa alituita kuruta, pamoja na mwalimu mkuu.

Alikuja Jumamosi mchana na waya, mswaki wa zamani na dharau. Tukakaa barazani kando ya cherehani, kwa sababu ya mwanga. Akamwomba mke wangu kipande cha shuka jeupe.

"Kwa nini jeupe?" nikauliza.

"Kwa sababu wewe ni kipofu, hujajijua tu."

Akatoa risasi zote, akaniamuru nichungulie mwenyewe nihakikishe hakuna iliyobaki. Kisha akaifungua, akipanga kila kipande juu ya shuka kutoka kushoto kwenda kulia, na mimi nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Vipande saba vilikuwa vikubwa, hata mjinga angeviona. Viwili vya mwisho vilitoka kwenye kitundu cha nyuma: springi ndogo, na pini nyembamba ambayo haikufika hata urefu wa kidole.

"Hii ya tisa ndiyo inayogonga risasi," afande akasema. "Ikikosekana hii, umebeba jiwe. Unahesabu ukifungua, unahesabu ukifunga. Asiyehesabu asiguse. Haya, kuruta, zamu yako."

Nilipojaribu, springi na pini vikaniruka mkononi vikapotelea chini ya cherehani. Nikapiga magoti, nikaingia uvunguni.

"Kutambaa anajua," nilimsikia afande akimwambia mke wangu. "Tatizo hajui anachokitafuta."

Mke wangu akachukua sumaku yake, ile aliyoifunga uzi kwa ajili ya kuokotea sindano, akaipitisha sakafuni mara moja tu. Vyote viwili vikaja. Akaviweka kwenye shuka, akarudi kwenye kiti chake. Nikataka kuokoa heshima yangu, nikatoa kopo la mafuta ya nguruwe nililoliandaa tangu asubuhi.

"Loo! Unataka kuikaanga?" afande akapiga kelele. "Na baridi hii yetu ya Juni? Yataganda humo kama mshumaa!"

Mke wangu akanyoosha mkono, akanipa kichupa cha mafuta ya cherehani. "Tone moja," akasema. Afande akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Leseni wamempa asiyestahili."

Tangu siku hiyo nikawa nasafisha kila Jumamosi, na majirani walijua, kwa sababu nilihakikisha wanajua. Lakini niseme ukweli. Vile vipande viwili vidogo nilikuwa naviogopa. Nikaacha kuvitoa. Nilisugua vikubwa mpaka nikaona meno yangu ndani yake, na hesabu yangu ikaishia saba.

Kisha likatokea la mama mkwe. Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito, ule wa kwetu ambao huoni hata geti lako. Nilikuwa uani nakunja magunia matupu nikasikia mlango wa nyuma wa ua unasukumwa. Hodi ilipigwa, baadaye wote waliapa kwamba ilipigwa, ila mimi sikuisikia. Nikachomoa bastola. "Simama hapohapo!"

Katika ukungu akatokea mama mzazi wa mke wangu, ametoka kijijini na lori la mahindi, kikapu kichwani na kuku kwapani. Kuku akakimbia. Kikapu hakikutikisika. Akaitazama bastola, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, nimeleta maharage tu."

Mungu wangu! Mkwe wangu, ambaye hata benchi moja sikuthubutu kukaa naye! Wazee wakaitwa, nikatozwa mbuzi na doti ya kitenge, na habari ikazunguka jumuiya yote kabla ya misa ya Jumapili. Kila nilipokanyaga ukweni, mashemeji walinyoosha mikono juu: "Shemeji, usitupige, tumeleta maharage tu!" Mke wangu alicheka nao mpaka akajifuta machozi. Nikadhani mbuzi amemaliza mambo.

Baada ya kama miezi miwili tulikuwa tunateremka bondeni, lori likazima katikati ya mteremko. Dereva akaingia chini kufunga kitu kwa waya. Mimi nikasimama mbele, mkono kiunoni, nalinda. Ghafla akatokea mtu kwenye nyasi, mrefu, fimbo juu, anapiga kelele. Nikachomoa, na hapa nitasema kama ilivyokuwa: sikutishia. Nilimlenga kifuani nikavuta.

Kach. Basi. Hakuna kilichotoka.

Yule mtu alisimama kama alivyokuwa. Alikuwa mfugaji, mmoja wa wale waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakahamia bondeni. Akashusha fimbo polepole. "Bwana, daraja la mbele limekwenda na maji," akasema. "Nilikuwa nawaambia mrudi." Akageuka, akawafuata ng'ombe wake. Dereva akachomoza kichwa kutoka chini ya lori akauliza nilikuwa naongea na nani.

"Mchungaji tu," nikajibu.

Sikumwambia yeye, sikumwambia mke wangu. Padri kwenye kitubio nilimwambia nimekuwa na hasira kidogo. Na tazama akili yangu: nikaamua kwamba bastola ilikuwa chafu! Nikaanza kuisafisha mara tatu kwa wiki. Nilisugua mpaka vidole vikauma. Sikujua kama nasugua ili siku nyingine ifyatuke, au nasugua ili ule mlio wake, kach, unitoke masikioni. Niliona aibu, na kwa sababu ya aibu nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa sabuni.

"Ungezisugua sufuria zangu hivyo," mke wangu alisema, "ningekubali tufunge ndoa mara ya pili."

Mwaka ukatimia. Siku moja kabla ya ukaguzi afande akaja kunipigisha gwaride. Shuka jeupe likatandikwa. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani yake, anashona.

"Fungua. Hesabu."

Nikahesabu kwa madaha mpaka saba, nikanyoosha mgongo.

"Na vidogo?"

"Vile huwa havichafuki, afande."

"Ebo! Nani kakudanganya?" Akachukua bisibisi ndogo kwenye droo ya cherehani, akafungua mwenyewe. Springi ikatoka. "Nane." Akatikisa, akachungulia kitundu, akakielekeza kwenye jua. Akainua ncha ya shuka. "Kuruta, ya tisa iko wapi?"

Mimi kwa mazoea nilikwisha piga magoti kuingia uvunguni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba cherehani imenyamaza. Mke wangu alifungua kopo lake la sindano, akatoa kifundo cha kitambaa, akakifungua. Pini ilikuwa imepakwa mafuta, haina hata doa la kutu. Akaiweka mwisho wa mstari.

"Tisa," akasema.

Afande akamuuliza tangu lini.

"Tangu maharage ya mama."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilisimama, damu imenipanda. "Umeniteremsha bondeni muda wote huu na chuma kilichokufa? Wangeniua!"

"Kila safari nilishika rozari mpaka nisikie honi ya lori lako," alisema. "Unafikiri sikujua naweza kukukosa? Nilijua. Lakini niliuona uso wako asubuhi ile, mume wangu. Ungempiga mama. Niambie nasema uongo."

Nilitaka kumwambia anasema uongo. Nilifungua mdomo kabisa. Badala yake nikakaa sakafuni pale nilipokuwa, nikawaeleza habari ya yule mfugaji, yote, na jinsi nilivyomlenga, na jinsi nilivyovuta. Mke wangu akaweka mikono kichwani. Afande alianza kufuta vipande kimoja kimoja, wakati hapakuwa na cha kufuta.

Kesho yake niliipeleka polisi, vipande vyote tisa, nikasema sihuishi leseni, naikabidhi. Mkaguzi akaigeuza mwangani, akawaita wenzake waje waone. Alisema tangu aanze kazi hajaona silaha iliyotunzwa namna ile, akaniuliza mtu nadhifu kama mimi anaiachaje. Nikamwambia anipe mahali pa kusaini.

Safari iliyofuata, nilipomaliza kununua mpunga, nilianza kumuulizia yule mfugaji. Nilimkuta mbele kidogo ya Mtowisa, kwenye boma lake. Alinitambua kabla sijamaliza kusalimia.

"Kile kitu chako, ulikitengeneza?"

"Nimekirudisha serikalini. Nimekuja kukuomba radhi, bwana."

"Nilikisikia kikilia," akasema. "Mke wangu sikumwambia. Angenizuia nisikaribie barabara, na ng'ombe wanapita huko." Akaagiza maziwa. Nilishika kibuyu kwa mikono miwili, nikanywa macho chini, na yeye alikuwa mstaarabu, akaangalia ng'ombe wake mpaka nilipomaliza. Kisha akaniuliza kama nyumbani kwangu huwa tunakula maharage, maana bondeni kwao yalikuwa adimu. Nikacheka peke yangu, hakujua kwa nini.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu wake umetulia juu ya kanyagio la cherehani.

"Ana watoto?" akauliza.

"Sita. Wa kwanza anaanza shule Januari, ila amechelewa, ni mkubwa."

Akavuta kitambaa cha kaki kutoka kwenye rafu, akachukua futi yake. "Mkubwa kiasi gani? Anakufikia wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Hapa, usawa wa kifua.