Siku Niliyomaliza Upepo wa Lori Ukweni

Jamani, nichekeni leo mpaka mchoke halafu tuhamie mada nyingine, maana kila tukikutana lazima atokee mtu wa kuniuliza yaliyonikuta Haneti, na mimi siku zote nimekuwa nasimulia nusunusu, sehemu zenye aibu nazimeza.

Mnanijua, kazi yangu ni ufundi simu pale Nkuhungu, na ugonjwa wangu ni mmoja tu, siwezi kuona kitu kimefungwa nikakiacha. Siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari kwa kina Esta, mchumba wangu, kule Haneti, Mjomba Yohana (ndiye alikuwa mshenga) alijitolea lori lake. Ni lori la mtumba, yale makubwa ya tairi kumi, limeshazunguka kwa watu wengi kabla ya kumfikia yeye, na stata yake, ile ya kuwashia injini, ilikuwa imekufa, kwa hiyo Mjomba alikuwa haliegeshi popote isipokuwa mteremkoni, akitaka kuondoka analiachia linaserereka lenyewe, anatupia gia, linashtuka, safari inaendelea. Sasa kwa kina Esta mteremko ni mmoja, nao unapita mbele ya lango la zizi, basi akaliegesha hapohapo langoni, tukashusha ng'ombe, wazee wakaingia ndani kuzungumza. Mimi nikaambiwa nibaki garini mpaka niitwe, maana kwetu Wagogo mkwe na mama mkwe hawakutani ovyoovyo, kuna heshima yake.

Nikakaa. Nikakaa weee. Mara nikasikia chini ya gari kitu kinavuja, sss, sss, kidogokidogo, nikajiambia nachungulia tu (ndiyo neno lililoniponza, tu). Njiani Mjomba alikuwa ameniambia breki za malori haya zinatumia upepo, na upepo wenyewe unahifadhiwa kwenye mitungi ya chuma chini ya gari, na mimi tangu hapo nilikuwa najiuliza, upepo unahifadhiwaje kama nafaka? Nikaingia uvunguni na shati langu jeupe. Mitungi nikaiona. Na chini ya mtungi mmoja kulikuwa na kipete cha waya, kidogo, saizi ya kidole.

Nikakivuta. Ukatoka upepo wa nguvu na ndani yake maji, maji meusi yenye mafuta, yakanipiga usoni. Maji! Nani aliyatia? Nikavuta tena nione kama yapo mengine, yalikuwepo, nikaenda mtungi wa pili, nao una yake, nikawa navuta huku nafurahi kabisa kwamba namsafishia Mjomba gari, mpaka mitungi yote ikanyamaza.

Kumbe mama mkwe alikuwa anapita na kuni, akasikia fssss, akajua ni nyoka. Akaja na gongo, akainama, tukatazamana macho kwa macho.

"Yesu wangu! Kuna mtu huku!"

Halafu akanitambua, akajifunika uso kwa kitenge, akakimbia, kuni zote chini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wazee wakatoka, na wakati huohuo ng'ombe wa baba mkwe, Mzee Ndahani, wakawa wanarudi kutoka malishoni, na langoni kuna lori. Mjomba akapanda ili aliachie liserereke. Halikusogea hata inchi.

"Umefungua nini wewe?"

"Upepo, Mjomba."

"Wote?"

"Wote."

Mimi nilidhani upepo ukiisha breki hazishiki. Kumbe ni kinyume, ndani ya breki kuna springi kali na upepo ndio unaoizuia, ukiisha springi inabana tairi. Kwa hiyo bila upepo gari haliserereki, lisiposerereka injini haiwaki, injini isipowaka upepo haujai. Nikiri kwamba hata katika aibu ile jambo hilo lilinifurahisha sana.

Ng'ombe kuona njia imezibwa wakageukia mtama wa jirani, jirani akaanza kupiga kelele, na Mzee Ndahani akamwambia Mjomba kwa utaratibu kabisa, "Bwana mshenga, mazungumzo tuyaache kwanza. Mtu anayefungua asichokijua, binti yangu nitampaje?"

Nilimwona Esta mlangoni, mikono kichwani.

Mjomba alichukua mpira mrefu, akauunganisha kutoka tairi la spea mpaka kwenye mtungi, akawa anahamisha upepo. Tunasubiri, hakuna anayenisemesha, mara Mzee Ndahani akanisogelea.

"Hivi ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka kujua kuna nini ndani, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kulikuwa na nini?"

"Maji."

"Maji? Kwenye upepo?" Akaliangalia lori. "Yalitokea wapi?"

"Kwenye kipete, kile pale chini."

Mjomba akapiga kelele kutoka juu kwamba mshale wa kipimo cha upepo umepanda, upepo unatosha, vijana wakae tayari kusukuma. Ndipo tukasikia chini ya gari, fsssssss, ndefu, mpaka ikaisha.

Mzee Ndahani akatoka uvunguni, uso mweusi tititi, kofia imelowa. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akajifuta kwa mkono, akanitazama mimi, akamtazama mshenga.

"Kweli ni maji," akasema. "Haya, wazee turudini ndani tumalize mazungumzo, Yohana atafungua tairi lingine."

Esta ni mke wangu sasa. Mimi nimeapa sitagusa tena kitu kilicho chini ya gari la mtu. Nilimwomba na baba mkwe aape, akasema atafikiria.