Wiki Tano Bila Kuitazama Ghuba ya Hollins

Verna Stuckey aliwadharau watu wa Ghuba ya Hollins kwa miaka thelathini, siku tano kwa wiki, kuanzia saa saba mchana hadi saa nane, na sijui siku aliyochelewa kwenda kuwadharau. Mapazia aliyokuwa akiwashonea watu wa Brandtville yaliwekwa kando, simu ikachomolewa ukutani, kahawa ikamiminwa, naye akakaa na daftari gotini kama karani wa mahakama ambaye ameshaijua hukumu.

Ghuba ya Hollins ilikuwa tamthilia ya mchana, moja ya zile ambazo wanawake wa Ohio huziita "hadithi zangu", kana kwamba kila mmoja wao amepewa hati yake. Alikuwepo Dokta Grant Hollins, mpasuaji wa ubongo, ambaye katika miaka hiyo alioa mara kumi na moja na kupasua ubongo mara mbili. Alikuwepo Delphine, mrembo wa kope ndefu, aliyemiliki ndoa nne kati ya hizo. Kuna mwaka Grant alimwoa pacha wa Delphine kwa makosa, akaenda naye fungate ya wiki mbili, akarudi hajang'amua.

"Na huyu ndiye wanayempa kisu aingie vichwani mwa watu," alisema Verna.

Alikuwepo pia mtoto wao, Corey, aliyepanda ngazi kwenda kulala akiwa na miaka sita na kushuka masika yaliyofuata akiwa na kumi na saba, ndevu zimeanza, mama yake akamwuliza kama amelala vizuri. Katika mji ule hakuna aliyefunga mlango kwa ufunguo. Hakuna aliyemaliza kikombe cha kahawa. Mwenye siri aliisema kwa sauti, peke yake sebuleni, na yule asiyepaswa kuisikia alikuwa ameshafika varandani.

Lakini kilichomchefua Verna kuliko vyote ni wafu wao. Walikufa kwa moto, kwa ajali ya ndege, kwa sumu ya kwenye keki ya harusi, kisha wakarudi katika msimu ambao watazamaji walipungua, nywele zimetengenezwa.

"Mtu akifa, afe," aliniambia. "Mume wangu Dale alikufa mwaka tisini na moja, na mpaka leo hajaingia mlangoni na suti mpya."

Mimi nilikuwa mhariri wa kurasa za Jumamosi katika gazeti la mji wetu, na Verna alikuwa na safu kwenye ukurasa wangu. Iliitwa "Wiki Hii Ghubani". Ilianzishwa kwa ajili ya wanawake wa kiwanda cha mikanda ya usalama ya magari, ambao saa saba mchana walikuwa kazini na walihitaji kujua nani amemwacha nani. Sharti lilikuwa moja: aeleze yaliyotokea, asitie maoni. Verna alilishika sharti hilo kwa miaka yote, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kutukana vizuri zaidi bila kutoa maoni. "Jumatatu, Grant alizinduka baada ya kuzirai miezi saba. Jumanne alicheza tenisi. Jumatano alioa." Ndivyo alivyoandika. Wasomaji walidhani ni mapenzi.

Masika ya mwaka elfu mbili na sita Verna aliteleza kwenye barafu ya mwisho ya Machi akavunjika nyonga. Alilazwa wiki tano, chumba kimoja na mama mmoja aliyekuwa ameishika rimoti ya runinga na hakuiachia. Mama huyo alitazama uvuvi wa samaki aina ya besi tangu asubuhi. Hata hivyo kila Ijumaa Verna alinipigia simu akanisomea safu, nami nikaiandika. Sikuuliza anatazamia wapi. Barua ikapatikana ndani ya kopo la unga, majibu ya vipimo vya damu yakabadilishwa na muuguzi mwenye kinyongo, Corey akapoteza kumbukumbu. Yote yalikuwa ya kipuuzi kwa kiwango kile kile cha siku zote, na hakuna msomaji hata mmoja aliyepiga simu kulalamika.

Mwaka elfu mbili na kumi na moja kituo cha runinga kilitangaza kwamba Ghuba inafungwa. Kipindi cha mwisho ni Ijumaa ya tatu ya Septemba. Bwana Garth Lundeen, mhariri mkuu wetu, mtu mwenye huruma nyepesi inayomtoka kama jasho, aliamua tutoe ukurasa mzima wa kuaga, Verna auandike: wahusika waliopendwa, wapenzi wasiosahaulika, visa vilivyotutoa machozi. Na siku ya Jumatano kabla ya kipindi cha mwisho kungekuwa na chakula cha mchana kwa wasomaji, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, ambapo Verna angekabidhiwa ngao ya mbao yenye jina lake.

Verna alileta rasimu. Chini ya "Wapenzi Wasiosahaulika" alikuwa ameandika: "Grant na Delphine. Watu wawili ambao mtu mwenye akili asingewaachia kibiriti."

"Verna," alisema Lundeen, "hii ni kama mazishi, bwana. Tuwe na adabu."

"Mazishi huwa na maiti, Garth. Hawa niwazike vipi? Kesho utawakuta jikoni wanakaanga mayai."

Hata hivyo alikubali kulainisha. Aliitaka ile ngao, ingawa angekatwa ulimi kabla ya kusema. Alikuwa amewashonea watu mapazia kwa nusu ya umri wake, wakayatundika na kusahau ni nani aliyeshona. Kilichobeba jina lake katika mji ule ilikuwa safu ile tu, na sifa yake ya kutokosea.

Ijumaa kabla ya wiki ya mwisho, majibu ya mialiko yalikuwa mezani kwangu na Verna alikuwa akinisaidia kuyapanga. Alichukua kadi moja, akaisoma, akakaa. Ilitoka kwa Opal Dierksen, msomaji wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote, anayeishi katika nyumba ya kulelea wazee ya barabara ya Elm. Mwandiko ulikuwa umenyooka kama mshono.

"Nitakuja kwa ajili ya chakula," aliandika Opal. "Hadithi yenyewe niliiacha tangu Aprili elfu mbili na sita, Delphine alipoangukiwa na pango. Nilisoma kwenu, maana wiki ile runinga yangu ilikuwa imeharibika. Bila Delphine sina haja ya kumwona Grant akihangaika na vimwana. Nimemkataza kila mtu hapa kunitajia habari za Ghuba, na wamenitii."

"Delphine aliangukiwa na pango?" nikauliza; safu ile niliyoiandika kwa simu nilikuwa nimeshaisahau. "Si yupo? Si ndiye anayeolewa Ijumaa?"

"Yupo," alisema Verna.

Ndipo akanieleza. Wiki zile tano hakuwa ametazama hata dakika moja. Alikuwa amelala chali akitazama samaki, na aliitunga safu yote kichwani, kwa kuwa baada ya miaka ishirini na mitano hakuna kitu ambacho watu wale wangeweza kufanya na yeye asikijue kabla. Aliporudi nyumbani akaazima kanda alizorekodi jirani, akalinganisha. Barua ilikuwepo, ila kwenye kopo la sukari. Muuguzi alikuwepo. Kumbukumbu za Corey zilipotea siku ile ile. Kosa kubwa lilikuwa moja tu: Delphine hakufa pangoni, alikwenda Uswisi kupumzika. Delphine alipoonekana tena mwezi Juni, Verna akaandika tu, "Delphine amerudi," bila maelezo. Mji mzima ukameza. Tangu siku hiyo, alikiri, aliwadharau na wasomaji.

"Wote walimeza isipokuwa mmoja aliyekuwa ameshaacha kusoma," alisema. "Miaka mitano, Merle. Mwanamke ana miaka themanini na sita nami nimemwekea matanga ya miaka mitano kwa ajili ya kope za bandia."

"Mwambie amerudi. Katika Ghuba si ajabu."

Akanitazama kama nilivyomwona akimtazama Grant.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa. Zilibaki siku tano za Ghuba. Akinyamaza, Opal atazikosa, pamoja na ndoa ya tano ya wapenzi wake wawili, lakini ngao itakuja na jina litabaki safi. Akisema, Opal ataona mwisho, na Brandtville yote itajua kwamba Verna Stuckey aliandika asichokiona.

Jumatatu asubuhi nilimwendesha hadi barabara ya Elm. Opal alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, rola za nywele kichwani, anapiga pasi leso. Alikuwa mkaguzi wa mishono katika kiwanda cha mikanda kwa miaka thelathini na tatu, na alimkagua Verna hivyo hivyo, kuanzia kiatuni.

"Wewe ndiye wa gazetini," alisema. "Nilidhani u mrefu."

"Bibi Dierksen, nimekuja kuhusu Delphine."

"Nilishasema sitaki kutajiwa."

"Yu hai."

Opal alisimamisha pasi. "Yu hai vipi? Mlima mzima ulimwangukia. Uliandika mwenyewe, mawe ukubwa wa lori."

Hapa Verna angeweza kusema lolote. Mchimba madini mwema, mlango wa siri, pacha wa tatu. Niliona akilipima, na niliona lilivyomtia kinyaa.

"Hakukuwa na mawe," alisema. "Hakukuwa na pango. Nilikuwa hospitali na sikutazama. Nilimwua mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilichoka naye."

Opal akaichomoa pasi ukutani, akaisimamisha, akakunja leso mara nne.

"Mimi nilivaa nyeusi," alisema. "Wiki nzima. Nilimwambia mchungaji nimefiwa na rafiki. Kamwombea kanisani, mjinga yule, hata hakuuliza jina la ukoo."

"Samahani, Bibi Dierksen."

"Weka samahani yako. Nini kilitokea?"

"Lini?"

"Miaka mitano, mwanamke! Nimekosa miaka mitano. Kaa hapo unipe yote."

Verna akakaa, akampa yote. Nilitazama saa ya ukutani, ni tabia ya kazi. Alitaja talaka mbili, utekaji nyara, upasuaji wa ubongo ambao haukufanyika kwa sababu umeme ulikatika, mtoto aliyekuwa wa Grant kisha si wa Grant kisha wa Grant, na Corey aliyeingia upadri na kutoka kabla ya Krismasi. Ilichukua dakika kumi na moja, na ndani yake mhudumu aliingia akaleta vidonge, Opal akavimeza kimoja kimoja.

"Halafu?" aliuliza Opal.

"Ndiyo basi. Ijumaa wanaoana."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

"Miaka mitano?"

"Nimekuwekea na matangazo ya sabuni, Bibi Dierksen. Hakuna kingine."

Opal akasema, "Jumatano utawaambia. Wewe mwenyewe, kabla hawajakupa hiyo mbao yao. La sivyo nitawaambia mimi, na mimi nina sauti mbaya."

Jumatano kulikuwa na wanawake arobaini, sinia nne za tambi za jodari zilizookwa, na jeli ya kijani yenye karoti zilizokwaruzwa ndani, chakula ambacho sijawahi kumwona mtu akikichagua. Lundeen alitoa hotuba akitaja neno "familia" mara tisa. Verna akasimama na kueleza kwa mtindo wake wa kwenye safu: Machi nilianguka, Aprili nilitunga, Juni nikanyamaza. Hakutia maoni.

Wa kwanza kusema alikuwa Phyllis Krebs, aliyefanya kazi idara ya vifungo kiwandani.

"Ile barua kwenye kopo la unga ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu."

"Verna, mimi nilimwaga unga wangu wote nikitafuta barua za mume wangu."

"Ulipata?" aliuliza mmoja wa meza ya nyuma.

"Nyamaza, Jolene."

Hawakucheka. Nilitegemea wacheke, wangeweza kufurahi kwamba kwa wiki tano walikuwa na mtunzi wao wenyewe. Lakini watu waliokubali fungate ya pacha na Corey wa ngazini hawakuweza kukubali mwanamke wa mtaa wa pili kuwadanganya. Mmoja alisema amesikitishwa. Wengine wakachukua sahani zao tupu na kuondoka mapema. Lundeen akairudisha ngao kwenye mfuko wa plastiki, polepole, kana kwamba tusingeona. Ukurasa wa kuaga ulichapishwa Jumamosi bila jina la mwandishi. Wapenzi wasiosahaulika walikuwa Grant na Delphine, "mapenzi yaliyoshinda kifo". Sentensi hiyo aliiandika Lundeen mwenyewe.

Ijumaa saa saba kasoro dakika tano nilimkuta Verna katika chumba cha Opal, amevuta kiti kando ya kile cha magurudumu. Hakuwa na daftari. Opal alikuwa amefungua rola, nywele zimesimama vizuri, amevaa gauni la kwendea kanisani.

Harusi ilichukua saa nzima. Umeme ulikatika kanisani ukarudi. Mtu aliyekufa kwa ndege mwaka tisini na nne alisimama kwenye benchi la nyuma akapungia mkono. Grant alisahau kiapo, au mwigizaji alisahau, hakuna aliyejali tena. Delphine alilia bila kope kulowa. Verna alifungua kinywa mara mbili, na mara mbili Opal alimwekea kiganja kwenye goti.

Majina yalipoanza kupanda kwenye kioo, Opal alichukua rimoti akazima. Alikaa akitazama kioo cheusi.

"Verna," alisema.

"Naam, Opal."

"Ungemwacha tu chini ya mawe."

Verna akavuta kiti karibu zaidi na kumwuliza kama kahawa ya mahali pale inanyweka.