Siku Tulipomwokoa Punda

Enzi za vijiji vya Ujamaa, sisi akina mama wa Issuna tulikuwa na kikundi cha kujitolea. Siku moja bwana mifugo alikuja shuleni kutufundisha namna ya kuwaokoa wanyama wanaoteswa. Alisema punda akizidiwa na mzigo, mshushieni hapo hapo, bila kujali ni wa nani. Tulipiga vigelegele.

Tulipotoka kwenda kumwandalia chakula, tukakutana na mume wa mwenyekiti wetu akiswaga punda aliyebeba madebe ya maji. Tukamvamia. Madebe chini, punda huru, mzee wa watu ameduwaa.

"Haya mama zangu, mmemwokoa," akasema. "Ila hayo ndiyo maji ya kumpikia mgeni wenu."

Tukamwambia amtwike tena. Akakataa katakata: bwana mifugo ameshakataza, yeye hataki kesi.

Hasira zilinipanda, lakini ningefanyaje? Tulisokota khanga zikawa ngata, tukajitwika madebe. Punda alitutangulia akitafuna majani, mzee nyuma yake, mikono mitupu.

Tulipofika, bwana mifugo alifurahi mno kumwona punda hana mzigo. Akampapasa punda shingo, akauliza kama bado inamuuma.

Shingo zetu hakuna aliyeziulizia.