Rimu ya Nyuma Kushoto

Zamani lori halikutoka gereji kwa safari ndefu mpaka fundi agonge kila rimu ya gurudumu kwa nyundo na kuisikiliza. Siku hizi injini ikiitika tu, dereva anajiona kashafika.

Fundi mzee alilizunguka lori kuukuu la mkwewe akigonga. Rimu ya nyuma kushoto ilitoa sauti butu, kama chungu chenye ufa.

"Hii imepasuka. Ngojeni kesho niibadilishe."

"Baba, hilo ni gari, si tikiti maji," mkwe alisema, na gereji nzima ikaangua kicheko. "Nionyeshe huo ufa."

Mzee aliinama, akafuta vumbi kwa kiganja. Hakuona kitu. Binti yake, aliyekwisha kupanda na mtoto wake, akachungulia dirishani.

"Baba, una uhakika? Ukisema tushuke, tunashuka."

Uhakika alikuwa nao. Lakini kile kicheko kilikuwa bado kinamchoma.

"Labda ni uzee tu, mwanangu. Nendeni."

Lori likatoka getini, mtoto akimpungia babu mkono, mama yake akimshika kiunoni asianguke. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuwaona wakiwa hai.