Namba Moja ya Ferista

Ferista Silwimba alimdharau mtu yeyote anayechapa kwa vidole viwili, na hakuona sababu ya kuificha dharau hiyo. Akiingia steshenari akamkuta mhudumu anadonoa kibodi kama kuku anayedonoa mtama, hugeuka akatoka, hata kama nje mvua inapiga. Alikuwa mpiga chapa wa serikali kwa miaka thelathini na tisa, kuanzia Itumba alikopangiwa kazi akiwa binti, hadi Tunduma alikostaafia. Mabosi kumi na mmoja walipita mikononi mwake, na kwa maelezo yake hakuna hata mmoja aliyejua kuandika. "Walijua kusaini tu," alisema, "na wengine hata sahihi zao zilipinda."

Mumewe Efraimu, dereva mstaafu wa malori, ndiye peke yake aliyesalimika, kwa sababu hakuwahi kugusa kibodi.

Alipostaafu, Ferista alianza kuandika kitabu cha ukoo. Akina Silwimba wamekaa pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia, na kila msiba ukitokea, watu hubishana hadi kaburini nani ni mjukuu wa nani. Ferista alikwenda Nakonde, upande wa Zambia, akaenda Chapwa, akateremka hadi bondeni Momba, akiwahoji wazee na kupiga picha za picha zao za zamani. Alirudi na daftari zilizojaa na moyo uliojaa dharau. "Watu wana ndevu, wana magari, hawamjui babu wa babu yao," alimwambia mumewe. "Waulize mpira sasa! Watakutajia hadi mshika kibendera."

Kitabu kilipofika kurasa mia nne na picha mia tisa, aliamua kukiweka kwenye kompyuta itakayokaa imewashwa usiku na mchana, ili ndugu akifika sebuleni akisome kwa simu yake kupitia waifai ya nyumbani, asije akamchafulia karatasi kwa mikono ya mafuta. Alinunua Nakonde kompyuta ndogo, unene wa Biblia, iliyokuwa ya ofisi. Muuzaji alimwambia inakula umeme kama taa moja tu, ila asiiwekee Windows, itaelemewa, aiwekee Linux, mfumo mwepesi zaidi.

Ferista aliipeleka kwa Clement, fundi wa kompyuta mwenye duka lake mtaa wa Sogea, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye kalamu sikioni.

"Shikamoo mama. Hii nikuwekee Windows tu," Clement alisema. "Linux itakusumbua."

"Itanisumbua mimi au itakusumbua wewe?"

Clement alicheka, akaweka Windows. Mashine ilichukua dakika saba kuwaka, halafu ikaganda. Ferista alimtazama akichapa kwa vidole viwili, akaifunga mashine yake kwenye kitenge na kurudi nayo nyumbani. "Siku hizi hata anayekoroga uji anaitwa fundi," alisema njiani, kwa sauti, bila kumlenga mtu.

Akachapisha maelekezo ya Linux, kurasa sitini na mbili za Kiingereza, akayasoma kwa rula mstari kwa mstari kama alivyokuwa akisoma rasimu za mabosi. Televisheni ya sebuleni ikawa skrini. Siku ya kwanza mashine haikuitazama kabisa flashi ya kusakinishia, ile aliyoitia Linux. Iling'ang'ania kuwaka na ileile Windows ya Clement, hadi Ferista alipokuta ukurasa wa tisa kwamba kuna kitufe cha kubonyeza mwanzoni kabisa ili kuichagulia mashine iwake kutoka wapi. Siku ya pili Linux iliingia, lakini ikakataa kupokea programu zozote kutoka mtandaoni. Kila faili lilidai kwamba muda wake wa kutumika haujaanza. Ferista alihangaika hadi mchana, kisha akatazama saa ya mashine.

"Baba Yunisi, njoo uone mjinga huyu," alimwita mumewe. "Anafikiri tuko mwaka elfu mbili na kumi na mbili."

Kijibetri cha ndani kinachotunza saa, mfano wa kile cha saa ya mkononi, kilikuwa kimekufa. Alinunua kingine, akarekebisha saa, na siku ya tatu kitabu cha ukoo kikafunguka kwenye simu ya Efraimu. Mzee alitazama picha ya babu mkwe wake amesimama na baiskeli, akatikisa kichwa. "Hongera, Mama Yunisi," akasema. Ferista alimjibu kwamba mwenye kustahili hongera ni yule asiyezunguka kwa mafundi wa uji.

Picha zilipozidi nafasi, ilibidi anunue diski ya pili, na diski zilikuwa kwa Clement. Alinunua bila kuongea sana. Clement akamwambia, "Mama, ili mashine iikumbuke diski hii kila inapowaka, utaandika namba yake ya utambulisho kwenye faili la orodha ya diski. Ni ndefu, herufi na tarakimu thelathini na sita ukihesabu na vistari. Nikuandikie?"

"Wewe uniandikie mimi?" Ferista alisema.

Aliiunganisha diski mwenyewe kwa amri, ikafunguka papo hapo. Kisha akaiandika ile namba kwenye faili, akiitazama skrini bila kuangalia vidole. Hakuijaribu kwa kuzima na kuwasha. Kwa nini aijaribu? Miaka thelathini na tisa hakuwahi kurudishiwa barua.

Miezi miwili ilikwenda vizuri. Ndugu walikuja, wakasoma, wakanywa chai. Lalamiko lilikuwa moja tu. Osea, baba yake mdogo anayeishi Nakonde, alisema ameandika mwaka wake wa kuzaliwa kwenye kisanduku cha kutafutia, 1949, mashine ikamwambia hakuna. Wengine wawili wakasema vivyo hivyo kuhusu miaka yao. Ferista alimwambia Osea abadilishe miwani, na wale wawili akawaambia warudi darasa la kwanza.

Kisha Alhamisi moja umeme ukakatika asubuhi hadi saa tisa alasiri. Keshokutwa yake, Jumamosi, kulikuwa na mkutano wa ukoo, watu wanatoka pande zote mbili. Umeme uliporudi, mashine iliwaka, ikasimama. Ikawa inasubiri diski, inahesabu sekunde, dakika moja na nusu nzima, halafu ikajaza maandishi meupe kwenye televisheni na kutangaza kwamba imeingia hali ya dharura. Ferista aliizima, akaiwasha. Dakika moja na nusu, maandishi meupe. Aliona neno "diski" humo ndani na hakusoma zaidi.

Alikwenda Sogea kwa miguu, akapita kati ya malori yaliyosimama foleni, akaingia dukani kwa Clement akiwa na hewa ya kutosha kifuani.

"Umeniuzia maiti!" alipaza sauti. "Umechukua diski iliyokufa ukaifuta vumbi ukaniuzia mimi. Mwizi mkubwa, na kalamu yako sikioni kama karani!"

Wateja wawili waliokuwa ndani walitazamana. Mama muuza vitenge wa duka la jirani alitoka mlangoni. Clement alisimama polepole.

"Mama, nitakuja kuitazama kesho asubuhi," alisema.

"Njoo uitazame maiti yako."

Ijumaa alikuja kweli. Alichomeka ileile flashi ya kusakinishia, akaiwasha mashine kutoka kwenye flashi, akaifungua diski kwa njia hiyo. Ferista alisimama nyuma yake akihesabu vidole: viwili. Picha zikajitokeza kwenye televisheni, zote, babu na baiskeli yake, harusi za Nakonde, misiba ya Chapwa.

"Diski nzima, mama," Clement alisema. "Mashine inatafuta diski nyingine isiyokuwepo. Tazama ule mstari ulioandika. Kuna kitu umekosea."

"Mimi?"

"Kosa dogo tu, mama. Hutokea."

"Kwako hutokea. Toka nyumbani kwangu."

Clement alichukua mkoba wake. Mlangoni alimuaga Efraimu kwa heshima, kana kwamba ametoka kunywa chai, na jambo hilo lilimkera Ferista kuliko kama angetukana.

Efraimu alikuwa anabangua karanga kwenye ungo. Akasema, "Sasa si tuusome tu huo mstari? Hauna gharama."

Ferista aliona ni upuuzi, lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi. Aliingia kwenye ile hali ya dharura kwa neno lake la siri, akaiambia mashine ionyeshe namba halisi ya diski, na chini yake mstari aliouandika yeye. Wakafanya kama ofisini wakati wa kuhakiki: mmoja asome, mwingine afuatishe. Efraimu aliweka kidole kwenye namba ya juu, kidole chenye vumbi la karanga, na Ferista akasoma ya chini kwa sauti. "Tatu, ef, moja, nane, si, sifuri, moja..." Alisoma hadi mwisho.

"Zote zipo," Efraimu alisema.

"Nilikwambia."

"Ila moja zako si kama moja zake."

"Moja ni moja, Baba Yunisi."

"Mimi sijui kuchapa," alisema Efraimu, akisogeza uso karibu na televisheni. "Lakini moja zake zina kofia iliyoinama kama imepigwa na upepo. Zako kofia imelala sawa. Tazama hapa. Na hapa."

Ferista alivaa miwani. Akatazama. Akaketi kwenye mkono wa kochi, kitu ambacho huwakataza hata wajukuu.

Taipureta ya kwanza aliyofundishiwa haikuwa na kitufe cha moja. Nyingi za zamani hazikuwa nacho. Mwalimu aliwafundisha watumie herufi l ndogo, kwa kidole cha pete cha mkono wa kulia, na kwenye karatasi hakuna aliyeona tofauti. Hata kompyuta zilipokuja ofisini, kidole kile kiliendelea kwenda mahali pake bila kumuuliza mwenyewe, na mabosi waliendelea kusaini. Karatasi ilisamehe. Mashine haina macho ya kusamehe. Iliambiwa l, ikatafuta l.

Alizisahihisha zote tatu, akawasha mashine upya. Ikawaka kwa sekunde ishirini.

Hakufurahi. Jambo lingine lilikuwa limeshampanda kichwani. Alifungua kitabu cha ukoo, akatafuta 1949. Hakuna. Akatafuta tena, safari hii akaweka l ndogo mwanzoni, na baba yake mdogo Osea akatokea pamoja na watu wengine sita waliozaliwa mwaka huo. Kurasa mia nne. Kila kuzaliwa, kila ndoa, kila kaburi la karne iliyopita.

"Mbumbumbu," alisema. Efraimu hakuuliza ni nani anayetajwa.

Mkutano wa Jumamosi ulikwenda vizuri. Ndugu waliimaliza sufuria ya wali, wakasifu picha. Ferista alimwambia Osea kwamba miwani yake haina kosa. Mzee alishangaa sana kusikia hivyo, akauliza kama Ferista anaumwa.

Jumatatu alikwenda Sogea. Clement alikuwa na mteja mmoja. Ferista hakukaa.

"Nilikuita mwizi," alisema. "Wewe si mwizi. Kuchapa hujui, lakini wizi sikuuona. Diski ni nzima, kosa lilikuwa langu. Basi."

Clement alitoa kalamu sikioni, akaiweka mezani. "Nimekusamehe, mama. Ila sauti ya Alhamisi ilikuwa kubwa kuliko hii."

"Unasemaje?"

"Alhamisi walisikia hadi duka la vitenge. Leo hata mteja wangu huyu hajasikia vizuri."

Ferista alimkazia macho, yale yaliyowahi kumrudisha bosi wa saba ofisini kwake kutafuta kamusi. Clement hakuinamisha kichwa. Basi mwanamke yule akatoka hadi mlangoni, akamgeukia muuza vitenge, akasema kwa sauti ya kutosha malori kusikia: "Huyu fundi si mwizi! Diski yake nzima! Niliyekosea ni mimi, Ferista Silwimba, mpiga chapa!"

Muuza vitenge alisema asante, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

Clement alimpa kiti, safari hii akakaa. Alipomweleza habari ya kitabu, Clement akachangamka. "Hiyo ndogo, mama. Kuna amri moja tu, inabadilisha kila l kuwa moja, kitabu kizima, sekunde mbili."

"Kila l?"

"Kila l."

"Na Silwimba utamwitaje? Na Elizabeti? Utawazika watu wangu wote na tarakimu katikati ya majina?"

Clement alifungua mdomo, akakiri hakulifikiria hilo. Akasema zipo amri za uangalifu zaidi, atatafuta. Ferista alimwambia asijisumbue. Alichokiharibu kwa kidole chake atakitengeneza kwa kidole chake.

Tangu hapo hukaa mbele ya ile televisheni kila siku baada ya chai ya asubuhi, anasahihisha mwaka mmoja mmoja. Amefika ukurasa wa mia moja na themanini. Kidole cha pete bado hukimbilia kulekule, naye hukitukana.