Kichwa Kimoja kwa Silinda Sita

Ninachokumbuka kwanza ni mngurumo. Ulikuwa mzito, wa kukwaruza kidogo, nao ulitangulia kufika chini ya dirisha letu kule Northland, Columbus, kabla ya gari lenyewe. Lilikuwa gari dogo kuukuu la Kijerumani lenye injini ya silinda sita. Baba alikuwa fundi wa magari kule Bukavu, Kongo. Hapa Marekani alibeba maboksi ghalani, na gari lile lilimrudishia heshima yake. Injini nyingi za namna hiyo zina safu mbili za silinda, na kila safu ina kifuniko chake kizito cha chuma. Hii ilibanwa mpaka safu zote mbili zikaenea chini ya kifuniko kimoja. "Ona, bon, ni kama watoto sita ku kitanda moja," aliniambia siku moja akiwa ameinua boneti, "na culasse ni moja tu!" Sisi wa Kivu kifuniko hicho tulikiita culasse, na hatukuwa na jina lingine.

Majira yale ya baridi baba alikwenda Buffalo na gari lile kumwona shangazi aliyekuwa amejifungua. Alifuatana na Rashidi, Mtanzania aliyesoma chuo kikuu hapo mjini, kijana mcheshi ambaye Kiswahili chetu kilimkera masikioni. Walipokuwa njiani kurudi, mchana, simu ya mama ililia. Nilikuwa nimesimama kando yake na niliisikia sauti ya Rashidi ikikatikakatika, upepo ukivuma nyuma yake.

"Shemeji, pole sana. Kichwa kimepasuka."

"Kichwa? Kichwa ya nani?"

"Na kimoja tu hicho, shemeji, hakina mwenzake! Ndiyo basi tena." Simu ikakatika.

Mama aliketi sakafuni. Alimpigia Rashidi, simu yake haikupatikana. Alimpigia baba, na simu ya baba ikalia chumbani kwetu, ilipoachwa kwenye chaji. Niliogopa mlio ule kuliko kitu chochote nilichowahi kukisikia. Shangazi, alipopigiwa, alisema wameondoka asubuhi wakiwa wazima, kisha akaanza kulia naye. Majirani wakaja, wakaimba nyimbo za kanisani. Mimi niliingia bafuni nikafunga mlango, nikakishika kichwa changu kwa mikono miwili na kujaribu kuwaza namna kinavyopasuka. Nilitaka kuomba, lakini sikujua mtu huombaje kwa jambo ambalo limeshatokea.

Giza lilipoanza kuingia, mjomba alifika kutoka Louisville amevaa suti nyeusi. Hajakaa vizuri, taa za manjano za gari la kuvuta magari mabovu zikamulika dirishani, na baba akapanda ngazi akipangusa theluji mabegani. Nyimbo zikakatika. Mama alimrukia, akamvua kofia, akampapasa utosini, kisogoni, nyuma ya masikio, kama anayetafuta chawa.

"Mama Neema, kuna nini? Nani amekufa?"

"Rashidi alisema kichwa yako imepasuka!"

Rashidi, nyuma yake, alitaka ardhi immeze. "Kichwa cha injini, shemeji! Nilikwepa kusema silinda hedi kama mafundi, nikaona nitumie Kiswahili fasaha."

"Donc ni culasse!" mama akapiga kelele, akampiga baba kofi la kifuani, kisha akamlalia palepale akilia kwa sauti. Watu wazima walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi sikucheka. Nilishika koti la baba lililolowa, na hata alipokwenda kunawa nilimfuata.

Sasa naishi Louisville, na magari ya siku hizi yanapita kimya hata huyasikii. Familia yetu yote tunaonana kwenye ramani ya simu. Baba ni kidoa cha buluu. Akiwa safarini namwona akisogea barabarani, akisimama kujaza mafuta, akiendelea tena. Najua alipo kila dakika, jambo ambalo mama angelilipia kwa chochote mchana ule. Hata hivyo huwa nampigia. Baba hunigombeza, anasema si unaniona hapo kwenye simu, unataka nini tena? Namwambia sitaki kitu, aendelee tu kunigombeza.